Ratiba ya Mkwe Wangu

Ratiba ilifika Jumatatu saa nne asubuhi, nikiwa naanika mahindi. Ilipitia kwa binti yangu Amuron, kama kila kitu cha mumewe kinavyopitia kwake kabla ya kunifikia, na ilikuwa na kurasa tatu. Siku kumi na mbili za Kanada zilipangwa kwa safu mbili: saa upande wa kushoto, shughuli upande wa kulia, na mapumziko yote kwa rangi nyekundu. Nilikaa juu ya gunia nikaisoma mara mbili kwenye simu. Siku ya tatu, saa mbili asubuhi: mechi ya kwanza ya mjukuu wangu Teresa, hoki ya barafuni. Siku ya sita, saa tatu hadi saa nne na nusu: kutazama milima.

Nilicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Mlima unatazamwa kwa saa? Hapa Malaba jiwe la Tororo liko pale ng'ambo kila siku ya Mungu, na Elgon hujitokeza mvua ikikatika, na sijaona mtu akiutolea saa mfukoni.

Lakini kicheko hakikudumu, kwa sababu ratiba ile niliitambua. Safu mbili, mapumziko kwa nyekundu. Ilikuwa yangu. Ndivyo nilivyokuwa nikipanga mazoezi ya timu ya hoki ya shule kwa miaka ishirini na sita, karatasi ikibandikwa mlangoni pa stoo ya michezo, na aliyekuwa wa kwanza kuisoma kila Jumatatu alikuwa Ejoku.

Niseme wazi, asije mtu akanielewa vibaya. Ejoku ni mkwe wangu, mume wa Amuron. Kabla ya kuwa mkwe wangu alikuwa mchezaji wangu, bora kuliko wote niliowahi kuwapigia kelele. Na kwa miaka kumi na minne mimi na yeye tulikuwa hatujasemezana hata neno moja.

Ni desturi. Mimi ni Mmarachi wa Butula niliyeolewa huku kwa Wateso, na makabila haya mawili yanaweza kubishana hata juu ya namna ya kusonga ugali, lakini kwa habari ya mkwe yanakubaliana. Mama na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Hampeani mikono. Hamli pamoja. Na nyumba iwe kubwa namna gani, hamlali chini ya paa moja. Wasomi wa siku hizi husema hayo ni mambo ya zamani. Wasomi hao hao, waambie mkwe yuko mlangoni, utawaona wakitokea mlango wa jikoni.

Desturi yenyewe hainisumbui. Kinachoniuma ni kwamba ilifunga mlango nikiwa nimetoka kusema neno baya, na neno hilo likabaki ndani.

Ejoku alikuja kidato cha kwanza peku, akiwa na miaka kumi na minne. Uwanja wetu uliinama kuelekea barabara kuu, na foleni ya malori ya kwenda Uganda ikikwama, madereva walipanda juu ya vichwa vya malori kututazama bure. Magongo tuliyakata kwenye mipera, tukitafuta tawi lililopinda lenyewe. Mpira tuliufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Baadaye nilivuka mpaka nikaenda Mbale, nikarudi na magongo sita ya kweli, makuukuu, na siku hiyo hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Mchana nilifundisha jiografia, na humo darasani pia Ejoku hakunipa amani. Tulikuwa tunasoma Kanada, ngano ya tambarare na misitu ya magharibi, nami nimechora ubaoni Milima ya Rocky kwa chaki nyeupe na mito ya barafu kwa chaki ya buluu. Akainua mkono.

"Madam, hiyo barafu umewahi kuiona?"

"Sijaiona. Andika."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Lakini baada ya kipindi nilimwambia ukweli, kwamba tangu chuo cha ualimu nimekuwa nikiichora milima ile na hakuna kitu ninachotamani kuona kama hicho. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Alikuwa mtoto wa kuambiwa mambo.

Mazoezi yakiisha wengine walikimbilia nyumbani, yeye akabaki. Tuliketi kwenye gogo nyuma ya goli, tukapanga vifuniko vya soda chini, kumi na kimoja vyekundu, kumi na kimoja vya kijani, tukacheza upya mechi tulizopoteza. Mwaka ule tulipotolewa nusu fainali Kakamega tulizicheza zile dakika kumi za mwisho kwa wiki nzima, na kila mara tulishinda. Nilikuwa nakaribia arobaini, na sijapata tena mtu wa kuzungumza naye namna ile. Hata marehemu mume wangu Omuse, Mungu amrehemu, alinisikiliza habari za hoki kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali.

Alinichezea miaka sita: minne shuleni, miwili katika klabu niliyoanzisha Busia ya kufanya mazoezi Jumamosi. Kisha akaitwa majaribio ya timu ya taifa Nairobi. Barua ilipitia kwangu. Niliisoma, nikalia kidogo, nikafunga safari ya Busia kumpelekea. Akaisoma amesimama, akatazama chini, akasema, "Madam, siendi. Nasafiri Kanada."

Nikamuuliza anafuata nini Kanada. Akasema hawezi kuniambia.

Hasira yangu haihitaji kuni nyingi. Pale pale uwanjani, mbele ya wachezaji kumi na watano, nikamwambia hana uti wa mgongo. Nikamwambia nimepoteza miaka sita yangu kwa mtu wa bure. Aliweka gongo lake chini taratibu, kana kwamba kuna aliyelala, akaondoka.

Siku kumi na mbili baadaye wazee wake walikuja nyumbani kwangu kumposa Amuron, ambaye alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Calgary. Ndiyo maana hakuweza kusema: alikuwa anamfuata binti yangu, na posa ilikuwa bado. Nilikuwa jikoni na wifi yangu Asekenye, dada mkubwa wa Omuse, alipokuja kuninong'oneza jina la kijana. Nikakaa chini na mwiko mkononi. Tangu saa ile hakuwa mchezaji wangu tena, alikuwa mkwe, na radhi ya kumwomba nilikuwa nayo lakini sikuwa na njia ya kuipeleka. Wiki moja kabla hawajaondoka nilimwona sokoni akija upande wangu. Nikajibanza nyuma ya magunia ya vitunguu kama mwizi. Niliona miguu yake ikisimama, ikangoja, ikaenda zake.

Basi ikapita miaka. Mwaka huu Teresa, mjukuu wangu wa pekee, alitimiza miaka kumi, na timu yake ikaingia mashindano ya wasichana katika mji wa Canmore, mwezi wa pili mwakani. Akanipigia mwenyewe, akiniita bibi kwa Kimarachi.

"Kukhu, baba anasema wewe ulikuwa coach. Kuja unione."

Nilimuuliza baba yake amesema nini kingine. Akasema baba amesema kukhu ni coach mkali sana lakini ni mzuri. Nililala na maneno hayo siku kadhaa, nikiyageuza huku na huku.

Tangu hapo tulipanga safari kwa namna yetu. Amuron alikaa sebuleni Calgary na simu, Ejoku akakaa jikoni nyuma ya ukuta, nami hapa Malaba nikauliza maswali.

"Mwulize mkwe, hiyo baridi ni ya sweta ngapi?"

"Mama anauliza sweta ngapi," Amuron akasema, ingawa hata majirani zao walikuwa wamenisikia.

Sauti ya mbali ikajibu, "Mwambie asibebe sweta. Nimemnunulia jaketi."

"Anasema usibebe sweta."

"Nimesikia," nikasema. "Yaani, nimesikia vile umesema wewe."

Hivyo hivyo tukajaza fomu, nikaenda kuchukuliwa alama za vidole, na viza ikatoka mwezi wa Novemba. Niliuliza kama naweza kubeba njugu, simsim na kuku wa kukaushwa. Sauti ya jikoni ikasema njugu na simsim sawa, kuku abaki. Nikauliza kile kidude cheusi wanachopiga badala ya mpira, kilicho kama kifuniko cha mkebe, kinawezaje kupaa. Hapo sauti ya jikoni ilieleza kwa dakika nne nzima, ikaingia mpaka katika pembe za gongo, na Amuron akachoka kurudia akanyamaza tu, nami nikasikiliza ukuta ukinifundisha hoki. Nilikuwa na furaha jioni ile.

Hata mahali pa kulala Ejoku alikuwa amepafikiria kabla yangu. Nyumba yao ina chumba cha chini, nusu kimo ardhini, chenye mlango wake wa nje. Alikisafisha, akaweka kitanda na choo. Tukakubaliana, bila yeyote kutamka, kwamba sakafu yao ndilo paa langu, na paa lao ni lao. Desturi ukiifungulia mlango wa pembeni haikatai kupita.

Sasa rudini nami kwenye lile gunia la mahindi. Nilikuwa nimefika ukurasa wa tatu wa ratiba. Siku ya saba: barabara ya mito ya barafu mpaka Jasper. Kulala: nyumba ndogo ya mbao, chumba kimoja, vitanda vinne.

Nilihesabu. Amuron, Teresa, mimi. Nikahesabu tena. Nikapiga simu, bila kujali kwamba kwao ilikuwa usiku.

"Amuron, kitanda cha nne ni cha nani?"

"Mum, relax. Zingine zote zilikuwa zimejaa. Hiyo ndiyo cabin moja tu tulipata."

"Sijauliza habari ya cabin. Nimeuliza kitanda."

"Kitabaki bure. Ejoku atalala kwa gari."

"Huko mwezi wa pili kuna baridi gani?"

"Kama minus twenty. Lakini amenunua ule mfuko wa kulalia, kama wa jeshi. Mum, ashaamua. Hata mimi nimeongea mpaka nikachoka."

Nikaenda jikoni nikalivuta friji langu, nikasoma kile kibandiko cha nyuma. Sehemu ya juu, ile ya kugandisha nyama, inafika minus kumi na nane. Mtoto wa watu aliyenichezea miaka sita alikuwa ameamua kulala mahali penye baridi kuliko nyama, ili mimi nipate heshima yangu. Nikarudi kwenye simu.

"Toeni Jasper," nikasema. "Nitaona mechi, inatosha."

"Haiwezi kutolewa."

"Kwa nini haiwezi?"

"Kwa sababu Jasper si ya Teresa!" Amuron akapaza sauti, kitu ambacho hanifanyii. "Teresa hataki mlima, ameona milima mpaka basi. Mimi nataka kulala. Hiyo Jasper ni yako. Amekupangia wewe. Ati kuna kitu ulikuwa unachora ubaoni na hujawahi kukiona."

Nilisema mahindi yananingoja, nikakata simu. Halafu nikatuma ujumbe kwamba siji. Mtu akiniuliza leo nilikuwa na maana gani, nitasema nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa na aibu. Ningewezaje kulala chumba chenye moto, nikijua aliye nje kwenye gari ni mtu niliyemwita wa bure?

Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nikapanda boda boda kwenda Amagoro kwa wifi yangu Asekenye. Ana miaka themanini na mmoja, meno manne, na ulimi usiopungukiwa kitu. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anabambua njugu. Nikakaa, nikabambua naye, nikamweleza habari za Jasper.

"Huyo mkwe yako," akasema, "alikuletea blanketi?"

Nilijua ataniuliza hilo. Katika ukoo wa marehemu mume wangu, mkwe aliyekwisha kupokelewa humletea mama mkwe blanketi jipya, akampa mkononi. Mama akilipokea, basi wanaweza kusalimiana, wakala nyumba moja, wakalala chini ya paa moja bila haya. Wengine huletewa mwaka wa kwanza, wengine mtoto akizaliwa.

"Hajaleta," nikasema.

"Miaka yote hiyo?"

"Yuko mbali, wifi."

"Mbali gani? Ndege hapana beba blanketi?" Akaacha njugu akanitazama. "Wewe mwalimu, ulimfanya nini?"

Nikamwambia. Sikuwa nimemwambia mtu, si Omuse, si padri. Nikamwambia uwanja wa Busia, ile barua, wachezaji kumi na watano wanasikia, na kila neno nililosema. Asekenye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Sasa huyo atakuletea blanketi aje? Si atafikiri utaitupa kwa macho yake? Ulimwambia yeye ni mtu ya bure. Mtu ya bure analeta nini kwa mtu?"

Nililia juu ya njugu za watu. Nikamuuliza kama nimtume Amuron amwambie alete.

"Wacha! Blanketi haiombwi. Ukiomba hiyo si heshima tena, hiyo ni kuombaomba. Ya blanketi ni yake. Wewe ondoa tu neno yako pale uliweka."

"Nitaliondoaje na siruhusiwi kusema naye?"

Asekenye akatia njugu mdomoni, akaitafuna kwa upande wenye meno. "Simu iko na paa?"

Nilirudi Malaba na swali hilo. Ni rahisi kulisema ukiwa Amagoro. Jioni ile nilipiga simu, akapokea Amuron, nikauliza habari za soksi. Kesho yake nikauliza kama Kanada wana chumvi. Amuron alidhani nimebadili nia ya kutokuja, akafurahi, nami sikuwa nimebadili chochote, nilikuwa naogopa tu. Mwalimu mzima niliyekuwa nikiwatetemesha marefa wa mkoa, nikaogopa kijana niliyemfundisha kufunga kamba za viatu vya michezo.

Jumamosi Teresa alikuwa na mechi ya ligi, saa mbili asubuhi kwao, saa kumi na mbili jioni kwetu. Hiyo ni kawaida yetu, Amuron hunishikia simu pale kando ya kioo nami hutazama nikiwa mezani, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Jioni hiyo picha ilikuja bila salamu. Nikaona barafu, nikaona wasichana wamevimba kwa mavazi, nikamtafuta namba tisa wangu.

Haikupita dakika nikajua anayeshika simu si Amuron. Amuron akishika simu hufuata kelele, ukitaka kuona goli unaonyeshwa dari. Huyu alikuwa anapeleka picha mahali mchezo ulipokuwa unaelekea, kabla haujaelekea. Ujumbe wa Amuron ukaingia juu ya picha: ameitwa kazini hospitalini, mama asishangae.

Tukatazama, mimi na yeye, kila mmoja anamsikia mwenzake akipumua.

Teresa ana mbio za baba yake. Lakini alikuwa na kosa moja, kosa la watoto wote tangu hoki ianze: alikuwa anatazama gongo lake. Kila akipata kile kidude anainamisha kichwa kama anayetafuta sindano, na mabeki wanamjia. Mara ya kwanza nikauma mdomo. Mara ya pili nikashika meza. Mara ya tatu ilinishinda.

"Inua kichwa! Teresa, inua kichwa!"

Kioo kile ni kinene, na mimi niko Malaba. Teresa angesikia nini? Lakini karibu kabisa na simu sauti ya mwanaume ikalipuka.

"Teresa! Kichwa juu! Kukhu anasema kichwa juu!"

Namba tisa akageuka kidogo, akainua kichwa.

"Sasa asikimbilie mpira," nikasema. "Mwambie akimbilie nafasi, mpira utamfuata." Lile "mwambie" lilinitoka kwa mazoea, kama vile Amuron yuko katikati yetu. Katikati yetu hakuwepo mtu.

"Teresa! Nafasi! Nenda kwa nafasi!" Kisha kwa sauti ya chini, sauti iliyokuwa nzito kuliko nilivyoiacha, "Madam, yule beki wa kulia amechoka. Apite huko?"

"Apite huko huko! Unangoja nini?"

Basi tukaicheza ile mechi. Sijui niseme vipi. Nilisimama, kopo la sukari likaanguka, nikaishika simu kwa mikono miwili. Yeye aliona jambo, mimi nikalimalizia; mimi nikaanza sentensi, yeye akaipeleka kwenye kioo. Tulibishana juu ya kipa. Akasema kipa anatoka mapema, nikasema hapana, mabeki ndio wanachelewa, naye akasema, "Ni kweli, Madam." Teresa alitoa pasi moja bila kutazama chini, pasi safi, mwenzake akafunga. Walifungwa tatu kwa moja hata hivyo. Tungekuwa na dakika tano zaidi tungesawazisha.

Firimbi ikalia. Picha ikateremka, ikatua kwenye ukuta mtupu. Nikajua sasa atakumbuka sisi ni nani, na atakata.

"Ejoku."

"Madam."

"Usikate. Lile neno nililokuambia Busia, siku ya barua. Nilikukosea. Sikukukosea kidogo. Nilikuwa na hasira ya mtu anayeachwa, basi nikakutupia chochote kilichokuwa karibu. Kila mahali nilipokutaja tangu siku hiyo nimekutaja kwa fahari, isipokuwa mbele yako. Nisamehe."

Kule kwao watoto walikuwa wanapita na mabegi, mtu anacheka, mlango unafungwa na kufunguliwa. Nikahesabu watoto kwa sauti za viatu vyao, kwa kuwa sikujua la kufanya.

"Madam," akasema mwishowe. "Mimi niko na blanketi."

Sikuruhusiwa kuomba, nami sikutaka hata pumzi yangu ionekane inaomba.

"Nilinunua Busia ile wiki tulikuwa tunaondoka. Ya kijani. Nikaogopa kuleta. Nikasema nitaleta mwaka ujao, halafu nikaogopa tena. Iko nyumbani kwa kabati, hata plastiki yake sijatoa. Tumehama nyumba tatu nayo. Teresa huuliza kila baridi ikikuja, mbona hiyo moja hatujifuniki. Namwambia hiyo ni ya mwenyewe."

Nililia basi, kwa sauti, kama mtu aliye peke yake, na yeye akaniacha nilie. Hakusema pole wala hakukata.

"Nikuletee wapi, Madam?" akauliza nilipotulia. "Nije nayo Malaba kwanza? Naweza kuja. Nitaomba ruhusa kazini."

Nikajipangusa uso kwa leso. Nikavuta ile sauti yangu ya uwanjani kutoka ilikokuwa, nikamwambia asinipotezee muda na tiketi mbili. Alilete pale uwanja wa ndege wa Calgary, anikabidhi mkononi nikitoka tu, kabla hajagusa sanduku langu, maana hata gari lina paa.